Mtama wa Nakiete

Chekeni, wajukuu zangu, chekeni mmalize. Mimi niliyefika Kigoma, nikafika Ngazija, nikarudi na kofia tatu na akili ile ile, leo nimenawa miguu kwa maji ya kunywa! Bibi yenu kayafuata bondeni tangu alfajiri, nami nimeyamwagia vidole. Basi kabla hajaja na mwiko, sogeeni. Nisikilizwe?

"Usikilizwe!"

Zamani, zamani ambayo babu wa babu yangu aliikuta imeshazeeka, hapa kwetu Upareni maji yalikuja yenyewe. Yalitoka juu, kwenye msitu wa Nakiete, mjane mwenye watoto watano. Yakashuka, yakashuka, yakajaza ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba ya watu wa tambarare.

Na kila mavuno watu wa tambarare walipanda mlima. Walipanda na mtama, walipanda na chumvi, walipanda na mbuzi mmoja. Wakavitua mlangoni kwa Nakiete, wakanywa naye maji ya chemchemi kwa kata moja. Kwa nini? Ili asiukate msitu. Mteremko wote ule ulikuwa wake, wala hakulima hata shimo la boga. Alikula kwa kuacha.

Mwaka mmoja mvua ikazidi. Senkondo, mkuu wa ndiva, akasema, "Maji yanashuka yenyewe. Huko juu tunafuata nini?"

Hawakupanda. Mwaka wa pili, hawakupanda.

Nakiete akashuka, mtoto mgongoni. "Baba Senkondo, wanangu wanalia njaa. Nipeni mtama nisikate miti."

"Kwani mama, hayo maji unayakojoa wewe?"

Watu wakacheka. Nami ningekuwepo ningecheka kuliko wote, najijua.

Nakiete akarudi juu, akachukua shoka. Mti ukaanguka, akapanda maharage. Mti ukaanguka, akapanda maharage. Watoto wakashiba. Huku chini maji yakaja mekundu, yakaja membamba, kisha hayakuja. Ndiva ikapasuka nyufa. Msimu ule walizikwa wazee, wakazikwa wachanga, mpaka waliobaki wakachoka kulia.

Lishikeni hili sasa hivi, maana mwishoni sitaongeza neno: anayekulindia maji naye ana tumbo.

Ndipo wakapanda mlima, wote, wamebeba mtama wa mbegu, wa mwisho waliokuwa nao. Wakamkuta Nakiete juu ya kisiki. Penye chemchemi pana vumbi, na maharage yake yameungua yote kwa jua. Wakatua mizigo. Nami nakitua kisa changu hapo hapo; yaliyobaki ni maneno yao. Mwenye mabega akibebe.

Senkondo akapiga magoti. "Mama, tumekosa. Tumeleta wa mwaka huu, na wa jana, na wa juzi. Turudishie maji."

Nakiete akaitazama mizigo, akawatazama wanawe.

"Mtama naupokea," akasema. "Maji sina."