Makochi Meupe ya Bosi Lukindo

Bosi Lukindo alimwita Mwatime Pindo, binti mwenye digrii mbili, cherehani moja na ajira sifuri.

"Nishonee kava nyeupe za makochi. Zikifika Idi bila doa, nakupa kazi ofisini. Nikiona doa moja, cherehani nabeba. Deal?"

"Deal, bosi. Ila zikishavikwa hazivuliwi."

"Nizivue ya nini, msomi wa jalalani?"

Siku ya Idi kava ziling'aa kama maziwa. Bosi na wageni wake walikuwa wamebanana mkekani, pilau magotini.

"Kazi umepata, mchawi wewe! Sasa sisi tukae wapi?"

"Sorry, bosi. Uliomba zisichafuke, hukuomba zikaliwe."

Kwenye kila kiti, kwa uzi wa dhahabu, Mwatime alikuwa ametarizi sura ya mama mkwe wa bosi. Nani angethubutu kumkalia, naye mwenyewe yupo mlangoni, anajitazama na kupiga vigelegele?