Mrithi wa Kisima cha Nangumbi

Huko Kusini, kijijini Nangumbi, mwaka ambao nguruwe pori walimaliza mihogo, Mzee Chitanda mwenye mikorosho alitaka kukizungushia uzio kisima cha kijiji.

“Babu yangu ndiye aliyeanzisha kijiji hiki,” aliuambia mkutano. “Kaburi lake liko pale pale kisimani. Kisima ni urithi wangu.”

Wanawake waliinamisha vichwa. Bila kisima hicho wangeteka maji mtoni, mwendo wa nusu siku. Binti Lukanga, mfinyanzi wa vyungu, alipiga goti kwa adabu.

“Mzee wangu, una hakika mwanzilishi ni yeye?”

“Hakika!”

“Na mrithi ni wewe peke yako?”

“Peke yangu! Kama yupo mwingine, ajitokeze!”

Hakujitokeza mtu. Binti Lukanga akapiga vigelegele.

“Jamani, tumepona! Si mnaijua mila? Mwaka wa njaa, mrithi wa mwanzilishi hufungua ghala lake, akalisha kijiji mpaka mavuno. Leteni vyungu!”

Watu walikimbilia majumbani, wakarudi na vyungu na vikapu. Mzee Chitanda alikohoa.

“Ngojeni kwanza, wanangu. Sasa nakumbuka vizuri. Marehemu babu alikuwa mpita njia tu. Alisimama hapa kuomba maji, mauti yakamkuta.”