Tundu la Mawazo ya Sultani Haidari

Waliozihifadhi habari za watu wa kale, na Mungu ndiye ajuaye yaliyokuwa, wamehadithia kwamba katika mji wa Shungubwe alitawala sultani jina lake Haidari bin Mundhiri, mwenye askari elfu na bustani arobaini, na katika utumishi wake alikuwamo jini mmoja, Shamharuni, aliyefungwa kwa kiapo atende kila aambiwalo, lisizidi wala lisipungue. Na Sultani huyo alipofiwa na mkewe, Bibi Raya, aliyempenda mno, alishindwa kuyastahimili majonzi, akamwambia jini, "Niondolee mawazo." Jini akaitika, "Labeka," akayaondoa.

Tangu siku hiyo Sultani akawa akishinda khalwani, chumba chake cha faragha, kakunja miguu juu ya busati, macho kayafumba, uso umetulia tuli, na watu wakamsifu kwamba amefikia daraja ya wacha Mungu wakubwa. Mawaziri wakimletea hati hupiga muhuri kwa tabasamu, hazisomi. Utulivu wa namna hiyo hata jiwe la kusagia linao, lakini nani atamwambia mfalme?

Basi mjini humo alikuwamo mpika udi, Thureya binti Shee, yatima asiye na mtu duniani ila kaka yake Faki, mtunza mavazi wa Sultani. Na Jumatatu moja pete ya enzi ilipotea, na kwa kuwa mkono wa Faki ndio uliozoea kuyashika mavazi, waziri akamwandikia hukumu ya kukatwa kichwa siku ya Ijumaa asubuhi, na Sultani akapiga muhuri. Thureya alipopata habari alikaa kitako uani, akalia hata sauti ikamkauka. Kisha akajifuta uso, akachukua chungu chake, kwa maana zamu ya kumpikia Sultani udi ilikuwa yake, na pengine pa kumfikia hapakuwapo.

Ada ya jumba lile ilikuwa udi upikwe mlangoni pa khalwa, uingizwe ungali moto. Asubuhi ya Ijumaa Thureya akawasha makaa, akateleka sukari na marashi, akamwambia jini aliyekaa kizingitini, "Bwana, leo niruhusu niingie mwenyewe. Kaka yangu anauawa bila kosa."

"Sina ruhusa, ewe binti Adamu," akasema jini. "Nimeamriwa asipite mwenye makelele moyoni, na moyo wako wewe ni soko. Tazama."

Akampulizia, na papo hapo akaruka ndege mweusi kutoka kifuani mwake, akipiga kelele, "Faki! Faki anakufa!" Thureya akataka kumfuata, akimbie naye hadi kiwanja cha hukumu. Lakini sukari ilikwisha anza kugeuka rangi, na sukari ya udi haina subira, ukipeleka jicho kando imeungua na nyumba nzima inanuka masizi. Akamwambia yule ndege, "Nimekusikia," akarudisha jicho chunguni. Ndege akalia tena, naye akamsikia tena, akarudi tena chunguni, hata mara ya saba ndege akatua begani mwake, akanyamaza.

Jini akastaajabu. "Miaka mitatu nawakamata ndege wa mawazo ya Sultani kwa ulimbo na wavu, na hata mmoja hajatua kwa hiari yake. Umemfanya nini?"

"Sikumfanya kitu. Mpika udi asiyewaza hajazaliwa. Moyo huenda, nami huurudisha, basi. Hao wa Sultani wako wapi?"

"Tunduni, nyuma ya pazia. Aliniambia niwaondoe, hakuniambia niwatie kufuli. Pita, kwa maana ndege unaye, lakini makelele huna tena."

Thureya akaingia, akampita Sultani anayetabasamu peke yake, akafunua pazia, akaona tundu la shaba limejaa ndege hadi juu, akalifungua. Wa kwanza kutoka alikuwa mkubwa mweupe, akasema, "Raya amekufa," akamwingia Sultani kifuani, na Sultani akapiga ukelele, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kilio cha miaka mitatu. Wengine wakamrudia mmoja mmoja, na wa mwisho, mdogo kama shomoro mchanga, akasema, "Pete uliivua mwenyewe ulipotia udhu, ukaitia katika mfuko wa msahafu, na msahafu hujaufungua tangu hapo."

Mfuko ukaletwa, pete ikaonekana. Sultani akainuka miguu mitupu, akapaza sauti, "Shamharuni, nifikishe kiwanjani!" Akafika upanga umekwisha inuliwa, akaudaka mkono wa mkata vichwa kwa mkono wake mwenyewe. Faki akaanguka chini, si kwa upanga, kwa furaha.

Jioni Sultani akamwambia Thureya, "Mimi nilikaa nipate raha."

"Maulana," akajibu, "mtu hafumbi macho ili asisikie. Hukaa ili moyo ukimtoroka aujue na aurudishe, na akifumbua macho amwone aliye mbele yake."

Maneno hayo yalimchoma Sultani, na hakuyasahau. Mwaka ukapita, akaomboleza msiba wake mpaka ukatosha, na kila siku akaja kuketi karibu na Thureya akipika, akauliza habari za watu na akazisikiliza. Mwishowe akamtamkia posa. Thureya naye alikwisha mpenda, akasema, "Niko radhi, lakini anayeniozesha ni Faki. Nendeni kwake."

Sultani akaenda kwa miguu pamoja na wazee wanne. Faki akawapa kahawa, kisha akatoa sandukuni karatasi, nayo ilikuwa hukumu yake mwenyewe. "Maulana, hii uliisoma?"

"Sikuisoma," akasema Sultani.

"Basi tafadhali nisikilize, kisha tutazungumza posa."

Akaisoma tangu bismillahi hadi muhuri, polepole, na alipofika palipoandikwa kwamba maiti asipewe dada yake amzike, Sultani alitamani ardhi immeze. Lakini hakuinamisha macho, alimtazama Faki usoni hadi neno la mwisho.

Faki akaikunja karatasi. "Sasa umenisikia," akasema. "Ndugu yangu nimekuoza."

Harusi ikawa siku saba, mji ukala ukasaza, na Faki akapewa uwaziri na mali asiyoweza kuimaliza, na ikawa sheria hati ya hukumu isipigwe muhuri mpaka isomwe kwa sauti mbele ya aliyeandikiwa. Na mafunzo ya hekaya hii ni kwamba mwenye kutulia asimsikie jirani yake amelala tu, ajapokuwa amekaa wima.