Madumu ya Mafuta Bwawani

"Kati yenu, nani amewahi kuosha dumu la mafuta ya kula?"

Kabula aliuliza swali hilo kikaoni, wakati mtaa wao ukipanga mashindano ya mashua za kujiundia. Kamati, wanaume tisa watupu, ilicheka.

Kanuni ilikuwa nyepesi: madumu ishirini, kamba, hakuna msumari. Mshindi angekuwa nahodha wa mtaa kwenye mashindano ya kata. Kabula aliutaka unahodha ule. Wakamwambia kazi ya wanawake siku hiyo ni pilau.

Akang'ang'ania. Mwishowe Mwenyekiti Malugu akasema, "Haya binti, unda yako. Ukishindwa, habari ya nahodha mwanamke tusiisikie tena."

Kamati ikachukua madumu ya njano dukani, yametoka kumalizwa mafuta siku ileile. Kabula na mama yake wakaokota makuukuu kwa mama lishe, wakayasugua kwa majivu na maji ya moto siku mbili nzima.

"Mnaunda mashua au mnaosha vyombo?" Malugu aliwatania akipita.

"Vyote, Mwenyekiti," mama akajibu bila kuinua kichwa.

Siku ikafika, filimbi ikalia. Mashua ya kamati ikatangulia kwa shangwe. Katikati ya bwawa kamba zikaanza kuteleza. Dumu moja likachomoka. La pili. Kisha yote yakatawanyika kama bata. Wanakamati wengine wakaogelea hadi ukingoni. Malugu, asiyejua kuogelea, akabaki anaelea, amekumbatia dumu moja.

Kabula alikuwa amebakiza hatua chache kumaliza. Mara upepo ukasukuma dumu moja la njano, likavuka mstari mbele yake.

"Limevuka!" Malugu akapiga kelele majini. "Dumu letu limevuka kwanza! Tumeshinda!"

Wanakamati, wamelowa chapachapa, wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi.

Kabula hakubishana. Aligeuza mashua kabla ya kuvuka mstari, akamfuata, akamnyooshea kasia.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kwa hiyo nahodha wetu ni lile dumu?"

Malugu akalishika kasia, likamponyoka. Akalishika tena, likamponyoka. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta. Kabula akamvuta kwa ukosi wa shati mpaka akapanda.

Alitweta kitambo, kisha akasema taratibu, "Lile swali lako la kikaoni. Hakuna. Hata mmoja wetu."

"Mngesema siku ile, Mwenyekiti, ningewapa majivu."

Wakavuka mstari pamoja. Malugu mwenyewe ndiye aliyesimama, maji yakimchuruzika, akamtangaza Kabula nahodha wa mtaa.

Funzo: Kazi unayoidharau ina ujuzi ambao cheo hakikupi. Nawe uliyesoma hadi hapa, sambaza ukipenda, ila nakuomba kitu kimoja: kwenye kikao chako kijacho, dada akiuliza swali, mjibu kwanza. Kucheka kutasubiri.