Kidudu Mwenye Kanzu Nyingi na Bandama Mlafi

"Nipeni sikio moja!"
"Chukua yote mawili!"
"Na moyo je?"
"Uko wazi, ingia!"

Basi naingia, wanangu. Palikuwa na nchi isiyojua jua. Mito yake ilikuwa myekundu, na ngoma ililia humo bila mpigaji: du-dum, du-dum. Nchi hiyo ilikuwa mwili wa mtoto mmoja, Zamda, aliyelala mkekani akitetemeka. Ngoma ile ikinyamaza, Zamda naye hayupo.

Humo aliingia bila hodi Kidudu wa malaria, mdogo kuliko punje ya vumbi. Alijificha ndani ya vijumba vyekundu vya damu. Akala, nyam, nyam. Akazaa wenzake, kijumba kikapasuka, pwaa! Na kila vilipopasuka vijumba, Zamda aliungua kwa homa.

Mlinzi wa nchi alikuwa Bandama, jitu lenye nguvu, akaaye upande wa kushoto penye kichochoro chembamba. Kazi yake ilikuwa kumeza vijumba vilivyochoka. Lakini alikuwa mlafi. Hakuwahi kusema, "Nimeshiba."

Kwa kuwa kule ni giza, desturi yao ni moja: mtu hatazamwi uso, hupapaswa nguo. Askari Weupe wa damu wakigusa nguo ngeni, huunda kulabu za kuinasa nguo ile, na ile tu.

Kidudu alifuma kanzu ya protini, akakivika kijumba chake. Kanzu ilikuwa na vifundo vinavyonata. Kwa vifundo hivyo akajibandika ukutani mwa mto, asisombwe hadi kwa Bandama.

"Mbona hupiti, mjukuu wangu?" Bandama aliita kwa sauti tamu. "Njoo upumzike kwangu."

"Shikamoo, babu. Miguu inaniuma. Nitakuja kesho."

Askari wakaja gizani. Papasa, papasa. "Nguo ngeni!" Wakaunda kulabu, kwachu! Vidudu wengi wakanaswa. Lakini Kidudu mwenyewe alikwisha vua kanzu ile, akavaa nyingine.

Papasa, papasa. "Siye huyu, afande."
Wakaunda kulabu mpya, kwachu! Naye akavaa nyingine tena.
Papasa, papasa. "Huyu pia siye."

Na ukutani, gizani, kitu kilicheka taratibu.

Bandama akanguruma, "Nimechoka kuuliza! Nitameza kila apitaye!"

"Hata walio wetu?" Askari wakashtuka.

"Walio wetu watanisamehe."

"Hapo umenena, babu," Kidudu akanong'ona. "Meza. Huenda huyo ajaye ndiye mimi."

Gubu! Gubu! Bandama akameza wazima pamoja na wabovu. Akavimba, akavimba. Vijumba vikawa haba mtoni, na ngoma ikafifia: du... dum...

Huko nje bibi yake Zamda, Bi Mwanaiki, alimpapasa mjukuu wake tumbo.

"Kushoto pamekuwa jiwe," alisema. "Na viganja vimepauka. Haya, mama, panda mgongoni, twende hospitali."

Dawa ikaingia mtoni. Dawa haikumpapasa mtu nguo. Ilipenya hadi ndani ya vijumba, ikawakuta Vidudu wanakula, ikawaua hapo hapo. Ngoma ikapata nguvu: du-dum, du-dum. Zamda akafumbua macho, akaomba uji.

"Nimemmaliza!" Bandama alijigamba. "Tumbo langu ndilo shahidi."

Nani ambishie mwenye tumbo kama lile?

Lakini Kidudu alikuwa amekwisha vaa kanzu yake ya safari. Hakula, hakuzaa, hivyo dawa ikampita. Alikaa kimya karibu na ngozi, akingoja. Jioni moja mbu akatua kwenye kifundo cha mguu wa Zamda, akanywa, akaruka. Kidudu akaondoka tumboni mwa mbu huyo, hata kwaheri hakuaga.

Mbu akatulia siku kadhaa nyuma ya kabati. Kisha akatoka, ngiiii, kutafuta nyumba wanapoketi watoto, wamenyoosha miguu, wanasikiliza hadithi.

Na funzo ni hili, wanangu: mjanja hafiki mbali, na mlinzi mwenye tumbo kubwa hapitwi na kitu.

Hadithi nimeitua chini. Mwenye nguvu na aibebe. Nawe uliyekaa mwisho wa mkeka, hebu funika miguu.