Sifuri ya Kila Ijumaa

Kama kuna mwalimu unayemkumbuka mpaka leo, hii isome yote.

Mwalimu Adelina Msigwa alihamia shule moja ya bweni ya wasichana kule Njombe mwezi wa Januari. Alifundisha baiolojia. Alikuwa mgeni, na hakuwa mtu wa kueleza habari zake.

Ijumaa ya kwanza aliingia Kidato cha Tatu akiwa na kopo tupu la kahawa.

"Leo tunaanza sayansi ya furaha," alisema.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Chekeni, hiyo nayo ni dawa. Lakini wataalamu wameichunguza furaha kama sisi tunavyochunguza majani. Usingizi, shukrani, urafiki, kumfaa mwenzako, vyote vina athari zake, na zinapimika. Sasa kila mmoja aandike namba, sifuri mpaka kumi, jinsi alivyojisikia wiki hii. Jina usiandike."

Karatasi zikatumbukizwa koponi. Mwalimu akaanza kuzisoma. Sita. Nne. Nane. Kisha akasita kidogo.

"Sifuri."

Hakuna aliyecheka tena. Ijumaa ya pili, sifuri ikawemo. Ya tatu, vilevile.

Mkuu wa shule, Mwalimu Nyagawa, akamwita ofisini.

"Mwalimu, furaha haimo kwenye mtihani wa taifa."

"Ni kweli, mkuu. Ila wanaoufanya mtihani huo ni watu."

"Nakupa muhula huu tu. Nisipoona faida, kipindi hicho cha Ijumaa nakifuta."

Huku darasani, kiranja wao, Lusia Kaduma, alisimama mbele ya wenzake.

"Jamani, mmoja wetu anaumia na hatumjui."

"Tumtafute!" akasema mmoja.

"Tukimtafuta tutamwaibisha. Maadamu hatumjui, tumchukulie kila mtu kuwa ndiye."

Wakaanza. Aliyezoea kula peke yake bwaloni akapata wa kula naye. Aliyeugua alifuliwa sweta. Wale wawili waliokuwa hawasalimiani tangu Kidato cha Kwanza wakapatana, huku wanaona aibu. Hata walimu hawakuachwa. Asubuhi moja ya baridi kali Lusia alimpokea Mwalimu Adelina madaftari, akamuuliza, "Na wewe mwalimu, umelalaje?" Mwalimu alisimama pale pale njiani, akajibu, "Vibaya, mwanangu. Lakini asante kwa kuniuliza." Tangu siku hiyo hawakuacha kumuuliza.

Namba zikaanza kupanda. Sifuri ikatoweka. Hata alama za majaribio ya hesabu, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, zikapanda.

Ijumaa ya mwisho wa muhula mkuu wa shule alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya darasa. Siku hiyo mwalimu alimpa Lusia kopo azisome namba, naye Lusia, kwa ukiranja wake, akazihesabu kwanza. Akarudia kuhesabu.

"Mwalimu, tuko thelathini na nane. Karatasi ni thelathini na tisa."

Mwalimu Adelina akaweka chaki mezani.

"Moja ni yangu. Imekuwemo tangu Ijumaa ya kwanza. Anayepima wengine lazima naye ajipime. Ile sifuri ilikuwa yangu, wanangu. Desemba nilimzika binti yangu wa pekee. Alikuwa wa umri wenu. Niliyajua yote niliyowafundisha, niliyasoma vitabuni, lakini sikuweza kujipa mwenyewe. Mmenipa ninyi."

"Na leo umeandika ngapi, mwalimu?" Lusia aliuliza.

"Sita."

Wasichana wakainuka kwenye madawati, wakamzunguka. Wengine walilia, wengine walimshika tu mkono.

Mkuu wa shule alichana kipande cha karatasi, akaandika, akakikunja, akapita katikati yao na kukitumbukiza koponi.

Kipindi hakikufutwa. Muhula uliofuata kiliingizwa kwenye ratiba ya kila darasa, na nimeambiwa chumba cha walimu nacho kina kopo lake.

Funzo: Huwezi kujua nani kati ya walio karibu nawe amebeba sifuri, hata anayekufundisha furaha, basi mtendee wema kila mtu, kwa kuwa furaha hujifunzwa kichwani lakini hupatikana mikononi mwa wenzako.