Kibaba cha Kokoto

Hapo zamani, mizani ilipokuwa bado haijakipokonya kibaba kazi yake, palikuwa na Sultani katika mji wa Mwanguo, jina lake Ngwame, mtu mwema wa moyo ila alipenda sifa kuliko halua. Sultani huyo aliwachimbia raia wake kisima, akajenga na birika ukingoni mwake, akaweka wachotaji wenye vifua vipana wachote maji kutwa wayatie birikani, watu waje wateke bure.

Kazi ya kuupima utumishi huo alipewa Waziri Badi, naye akatoa amri kwamba kila ndoo inayopanda, kokoto moja itiwe kikapuni. Ikawa kila Ijumaa baada ya sala kokoto hupimwa barazani kwa kibaba, na Waziri hunadi, "Maulana, juma hili kamba zimekatika nyingi na kokoto zimezidi. Tena kisima hakipungui hata shibiri. Ni baraka zako!" Nao watu huitikia, "Baraka!" na koo zimewakauka.

Basi alikuwako mjini fukara mmoja aitwaye Feruzi, hana mbele wala nyuma, mali yake ulimi. Mkewe, Mwanaiki, alikuwa mja mzito wa leo au kesho. Birika la Sultani siku zote walilikuta limelowa tu, halina maji, kwa hiyo Feruzi alikwenda na mtungi hadi chemchemi ya nyuma ya kilima, na mtungi mmoja hautoshi uzazi. Alhamisi moja Mwanaiki akamwuliza, "Mume wangu, mtoto huyu tutamwogesha kwa nini? Kwa kokoto?" Neno lile likamchoma Feruzi.

Kesho yake akaingia barazani vumbi limemjaa usoni na mikononi. Sultani akamwuliza, "Ewe Feruzi, umeoga mchangani kama kuku?"

"Nimetayamamu kwa mchanga, Maulana. Maji sikuyapata."

"Mzushi!" akapaza sauti Waziri. "Kokoto si hizi hapa?"

Sultani akaudhika, maana kusutwa mbele ya watu si jambo dogo. Akasema, "Kama kipimo cha Waziri hakikutoshi, basi pima wewe. Kesho adhuhuri niletee utumishi wangu ndani ya kibaba, tena kibaba cha tele kilichofurika, si cha mfuto kilichosawazishwa, niuone kwa macho yangu. Ukishindwa, mwanao atazaliwa nawe u gerezani."

Feruzi akainama. "Nimesikia na kutii. Naomba moja tu, chakula chako cha kesho nikipike mimi."

Akakubaliwa. Basi kesho yake Feruzi akaingia jikoni, akatafuta chungu kilichotoboka kitako, akakiteleka, akakuna nazi, akamimina tui na kuanza kukoroga. Kila akizungusha mwiko, kokoto moja kibabani. Tui likashuka likazima moto, naye akawasha, akamimina tena. Mpishi mkuu akamkemea, "We, chungu kinavuja!"

"Kuvuja kinavuja, bwana, lakini mwiko umesimama?"

Kule ukumbini Sultani alisikia mbuzi ya nazi ikikwaruza na kuni zikialika, mate yakamjaa. Hata adhuhuri ikaingia, sinia likaletwa limefunikwa kawa jipya. Akafunua. Palikuwa na kibaba cha kokoto, kimefurika.

"Nini hii?"

"Chakula chako, Maulana. Kila kokoto ni mkorogo mmoja. Nazi zimekwisha, kuni zimeteketea, na jasho langu hili hapa."

"Na wali?"

"Tui limepita tunduni, Maulana, na mchele sikuthubutu kuutia. Lakini tazama kibaba kilivyojaa! Watu na waseme baraka."

Likaitikia tumbo la Sultani, likinguruma mbele ya wakuu wake.

Feruzi akasema taratibu, "Uliniagiza utumishi wako ndani ya kibaba cha tele, nami nimeuleta. Ukikushibisha huo, basi na sisi tumekunywa."

Sultani akanyanyuka na njaa yake, hata viatu hakuvaa, akaenda birikani na baraza nzima nyuma yake. Akaamuru ndoo imiminwe. Maji yakazunguka, yakaingia katika ufa sakafuni, kisha yakasikika yakichuruzika kurudi kisimani.

"Kumbe ndiyo baraka yangu hii!" Akawageukia wachotaji. "Nanyi hamkuona?"

"Tuliona, Maulana. Ila tuliulizwa kokoto, hatukuulizwa maji."

Sultani akacheka hata kilemba kikamporomoka. Waziri naye akajaribu kucheka, akaambiwa, "Wewe Badi, usicheke. Lete kokoto zako zote na chokaa, uukandike ufa huu kwa mikono yako. Kisha ukae hapa, uniambie mitungi mingapi imeondoka imejaa. Nawe Feruzi, nikutunze nini?"

"Kwanza maji, Maulana. Nimemwacha mkunga nyumbani, anasubiri."

Basi wachotaji wakatoka mbio na ndoo zimejaa kuelekea kwa Mwanaiki, na Sultani nyuma yao, miguu mitupu. Magharibi akazaliwa mtoto wa kike, akaogeshwa kwa maji tele, akalia mtaa mzima ukamsikia. Na chokaa ilipokauka, zile kokoto zilizosifiwa kila Ijumaa zikazuia maji kwa mara ya kwanza.